Je, Jina Laweza Kuwa na Hatia?

Mithali husema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Tumeisikia tangu utoto, na mara nyingi tumeitamka wenyewe pasipo kufikiri. Walakini mithali si amri, yafaa tuipime. Ikiwa ni ya kweli, basi hatia hutoka kwa baba hata kwa mwana pamoja na jina, wala mtoto hana njia ya kuiepa. Ikiwa si ya kweli, basi tumewahukumu watu wengi pasipo haki, kwa ajili ya jina tu.

Leo twapenda kuipima mithali hiyo kwa jina moja la ukoo la Kijerumani. Zamani lilikuwa jina la wakulima wachache, na nje ya vijiji vyao hapakuwa na mtu aliyelijua. Halafu likajulikana duniani pote. Sasa limekaribia kutoweka. Jina hilo ni Hitler.

Kwanza tujue majina ya ukoo ya Wajerumani yametoka wapi. Hapo kale mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, tangu miaka ya 1100 na baadaye, akina Johannes na akina Heinrich walizidi kuwa wengi katika mtaa mmoja, na ilikuwa shida kuwapambanua. Ndipo watu walipoongezewa jina la pili. Mmoja aliitwa kwa kazi yake: Müller, yaani msagaji wa unga, Schmidt, yaani mhunzi, Schneider, yaani mshonaji. Mwingine aliitwa kwa umbo lake: Klein, mdogo, Lang, mrefu. Wengine waliitwa kwa mahali walipokaa, au kwa jina la baba yao. Polepole watoto wakalirithi jina hilo, hata mjukuu wa mhunzi asiyejua kushika nyundo akaitwa Schmidt vilevile. Hapo twaona jambo la kwanza la kukumbuka: kazi ilikwisha, jina likabaki. Jina halisemi mtu anatenda nini. Lasema tu mmoja wa wazee wake aliitwaje.

Je, majina hayo ni mangapi leo? Wataalamu wa Freiburg na Mainz walichukua orodha za simu za nyumbani za mwaka 2005, wakatunga atlasi kubwa ya majina ya ukoo ya Ujerumani, ambayo vitabu vyake vilitoka kati ya 2009 na 2018. Waliona majina mbalimbali yapata 850,000. Jina Müller peke yake lilikuwa na simu zaidi ya 250,000. Lakini majina mengi sana ni ya watu wachache: ya kijiji kimoja, ya bonde moja, pengine ya nyumba moja tu.

Jina huwa adimu kwa sababu nyingi. Pengine lilitoka mahali padogo. Pengine karani aliliandika kama alivyolisikia, likaachana na majina mengine ya ukoo uleule. Pengine vita viliwaua wana wa kiume, na mabinti walipoolewa wakachukua jina la mume. Tena iko sababu nyingine: pengine wenye jina wenyewe hulikimbia.

Sasa tutazame jina letu. Lilitoka katika nchi ya Austria, upande wa kaskazini, katika wilaya ya misitu na mashamba maskini iitwayo Waldviertel. Huko liliandikwa kwa namna nyingi: Hiedler, Hüttler, Hitler. Watu wa vijijini hawakujali herufi, na padri aliandika kitabuni kama masikio yake yalivyomwambia. Wengine husema jina latokana na neno Hütte, maana yake kibanda: basi ni jina la mtu akaaye katika nyumba ndogo. Wengine husema latokana na neno la wakulima wa huko, Hiedl, maana yake chemchemi iliyo chini ya ardhi. Ama kibanda, ama chemchemi: ndani ya jina hamna ubaya wowote.

Mwaka 1837, katika kijiji cha Strones, mwanamke asiye na mume, Maria Anna Schicklgruber, alizaa mtoto wa kiume. Alibatizwa katika parokia ya Döllersheim kwa jina la Alois. Katika kitabu cha ubatizo, mahali pa jina la baba paliachwa wazi. Mwaka 1842 mama yake aliolewa na Johann Georg Hiedler, lakini mtoto aliendelea kuitwa Schicklgruber, akalelewa nyumbani kwa ndugu wa mume huyo. Alikua, akawa mtumishi wa serikali katika kazi ya forodha. Mwaka 1876, alipokuwa na umri wa miaka 39, mashahidi watatu walithibitisha ya kwamba marehemu Hiedler ndiye aliyekuwa baba yake. Mama alikuwa amekufa tangu 1847, na Hiedler tangu 1857. Padri wa Döllersheim akajaza mahali palipoachwa wazi, akaandika: Hitler. Miaka 13 baadaye, mwaka 1889, Alois alipata mwana, akamwita Adolf.

Hivyo jina hilo lilifika katika nyumba ile kwa maneno ya mashahidi watatu na kwa kalamu moja. Kama padri angaliandika Hiedler, kama alivyoitwa yule mume, dunia ingalichukia Hiedler. Kama mashahidi hawangalikwenda, dunia ingalichukia Schicklgruber. Waliouawa wangaliuawa vilevile. Basi uovu haukutoka katika herufi hizo.

Tangu 1933 hata 1945 jina hilo lilifanywa salamu. Mjerumani alipoingia dukani, shuleni au ofisini, alitakiwa kulitamka, mahali pa kumtakia mwenzake siku njema. Katika miaka hiyo Wayahudi milioni 6 waliuawa, na watu makumi ya milioni wakafa vitani. Halafu, Mei 1945, salamu ikakoma kwa ghafula, na jina likawa mzigo ambao hapana aliyetaka kuubeba.

Lilitowekaje? Adolf Hitler hakuacha mtoto. Dada yake Paula, aliyekufa 1960, alikuwa amezoea kuitwa Wolff. Ndugu yake wa baba mmoja, Alois wa pili, baada ya vita alijiita Hiller. Mwana mmoja wa Alois huyo, Heinz, alikufa 1942 akiwa mfungwa wa Warusi. Mwana mwingine, William Patrick, aliyezaliwa Liverpool 1911, alikwenda Marekani. Mwaka 1942 alimwandikia Rais Roosevelt kuomba ruhusa ya kupigana na majeshi ya baba yake mdogo, na mwaka 1944 akakubaliwa katika jeshi la majini la Marekani. Baada ya vita akabadili jina lake, akaishi kwa utulivu mpaka alipokufa 1987.

Walikuwako pia watu wengine wenye jina hilo, wasiokuwa na neno na mtu yule; kabla ya vita walikuwako hata Wayahudi walioitwa Hitler. Sheria ya Ujerumani huruhusu mtu kubadili jina la ukoo akiwa na sababu nzito. Nani angaliuliza sababu ya mtu huyu? Leo Hiedler na Hüttler wangaliko. Lakini kumkuta mtu aitwaye Hitler, katika Ujerumani au katika Austria, ni jambo la nadra mno.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, watu hao walikimbia hatia, au walikimbia jina tu? Tuchukue mifano mitatu, nayo itatusaidia kuona.

Mfano wa kwanza: Adolf Eichmann. Huyu ndiye aliyepanga safari za treni zilizopeleka Wayahudi kwenye kifo. Baada ya vita alikimbilia Argentina, akaitwa Ricardo Klement. Kwa miaka 10 majirani walimsalimu kwa jina safi. Mwaka 1960 alikamatwa, akahukumiwa Yerusalemu, akanyongwa 1962. Jina lilibadilika, na hatia yake haikupungua hata chembe.

Mfano wa pili: ndugu wawili, Hermann na Albert Göring. Hermann alikuwa mmoja wa wakubwa wa utawala ule. Mahakama ya Nürnberg ilimhukumu kufa mwaka 1946. Albert aliwasaidia Wayahudi na wengine waliowindwa. Aliwatafutia fedha na hati, akawatetea mbele ya maofisa. Jina lilelile lililotia watu hofu, yeye alilitumia kuwatoa watu kifungoni. Vita vilipokwisha, akafungwa kwa sababu ya jina hilo. Watu aliowaokoa walimshuhudia, akaachiliwa 1947. Lakini katika nchi yake kazi ilimpita kila mara, akafa 1966 pasipo heshima yoyote. Jina lilikuwa moja, mioyo miwili.

Mfano wa tatu ndio mkubwa. Tarehe 20 Julai 1944 Claus von Stauffenberg, Mkatoliki na ofisa wa jeshi, alitega bomu ili kumwua Hitler. Hakufaulu, akapigwa risasi usiku uleule. Walakini haikutosha kumwua yeye. Tarehe 3 Agosti, mjini Posen, Himmler aliwatangazia wakubwa wa chama ya kwamba ukoo wa Stauffenberg utafutwa wote. Mke wake mjamzito alifungwa. Watoto wake wanne, mkubwa wa miaka 10 na mdogo wa miaka 3, walipelekwa Bad Sachsa, pamoja na watoto wengine wa wale waliofanya shauri moja naye. Huko wakanyang'anywa jina lao, wakaambiwa kwamba tangu siku hiyo wao ni Meister. Adhabu ya namna hiyo Wajerumani waliiita Sippenhaft, maana yake ukoo mzima kufungwa kwa kosa la mmoja. Majeshi ya Marekani yakafika Aprili 1945, na watoto wakapata tena jina lao. Yule mkubwa baadaye akawa jenerali katika jeshi la Ujerumani Magharibi, kwa jina la baba yake.

Tuangalie vema. Himmler alisema nini, kama si mithali yetu? Alisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Alisema hatia iko katika damu na katika jina. Ndiyo mafundisho yaliyowaua Wayahudi: hawakuulizwa wametenda nini, waliulizwa tu wamezaliwa na nani. Basi mtu anayemchukia mtoto kwa kuwa aitwa Hitler, hakuushinda utawala wa Hitler. Amekubali fundisho lake, amebadili tu jina la anayechukiwa. Nabii Ezekieli alikwisha kufundisha zamani ya kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake.

Lakini msomaji atasema: jina si sauti tupu. Mama aliyepoteza watoto wake katika kambi ya mauti, akilisikia jina lile likiitwa mlangoni pake, je, hataumia? Ni kweli, ataumia. Kwa hiyo hatumlaumu mtu aliyelibadili. Kuacha jina ili kutowaumiza wengine ni tendo la huruma, si kukiri kosa. Vilevile hatumlaumu anayelishika na kuishi kwa adili. Twalaumu mambo mawili tu: mwovu anayejificha nyuma ya jina jipya, na jirani anayemwadhibu asiye na kosa kwa sababu ya jina la zamani. Kumbukumbu ya maovu ni lazima ihifadhiwe, lakini mahali pake ni katika vitabu, katika mahakama na katika makaburi yanayotunzwa. Mahali pake si juu ya mabega ya mtoto.

Na sisi je? Katika nchi yetu jina husema mengi: hutaja kabila, mara nyingi hata upande mtu alikotoka. Askari barabarani asoma kitambulisho, naye kabla hajamtazama mtu usoni amekwisha kumhukumu. Kijana apeleka posa, wazee wauliza: ni wa ukoo gani? Wakisikia kwamba babu yake aliitwa mchawi au mwizi, posa hurudishwa. Mtoto wa mtu aliyekwenda na waasi aketi peke yake shuleni, wenzake wamwita kwa jina la baba kana kwamba ni tusi. Hapo hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta Sippenhaft. Iko barazani petu.

Wazee walituachia mithali nyingine pia: jina jema hung'aa gizani. Hii twaikubali, mradi tuielewe vema. Jina halijing'arishi lenyewe, wala halijichafui lenyewe. Kila mtu hulipokea kama shamba alilolimiwa na wengine: hakuchagua magugu yaliyomo, wala hatalaumiwa kwa ajili yake. Ataulizwa tu yeye mwenyewe amepanda nini. Basi siku tutakapotaka kumpima mtu, tusianze kwa kumwuliza: wewe ni mtoto wa nani? Tumtazame anavyoishi na mke wake, anavyolipa deni lake, anavyompokea mgeni. Hayo ndiyo yake. Jina alipewa.