Wimbo wa jirani

Sisi wa Nyakabere tuko na desturi ya kuambiana nyimbo tunazozipenda. Mmoja anataja tatu ao ine, mwenzake naye anataja zake. Kesho yake wimbo unaimbwa nyumba ingine, na hakuna anayeuliza ulitoka kwa nani.

Ndivyo mambo yanavyoenea. Rumba yetu ilikua kwa kusikiliza santuri za Kuba, zile za GV zilizoanza kutoka mwaka 1933. "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa Katanga mwaka 1952, ilijulikana mpaka Nairobi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, na Watanzania wakamfanya wao.

Basi tujiulize: ni haki kupokea wimbo wa jirani, wa kabila lingine ao wa ng'ambo ya Ruzizi, na kumkataa jirani mwenyewe? Wengine wanasema wimbo hauna kabila. Ni kweli, lakini uko na mwenyewe. Anayekutajia anachokipenda amekufungulia moyo. Kuchukua wimbo na kumfungia mlango ni sawa vile kula ugali wa mtu kisha kumnyima maji.

Tuwazoeze watoto kusema: huu nilifundishwa na fulani. Ukishamtaja mtu kwa wema, kumchukia kunakuwa kazi nguvu.