Nguvu Bila Kiasi

Mwaka 1997 Tiger Woods alishinda mashindano ya gofu ya Masters kule Marekani kwa tofauti ya mikwaju 12. Wengi wetu hapo tungesema, basi, tumefika. Yeye alirudi kwa kocha wake, Butch Harmon, kujifunza upya namna ya kuzungusha fimbo, kwa sababu nguvu alikuwa nayo lakini alitaka kuitawala zaidi. Mwaka 1998 alipata ushindi mmoja tu kwenye PGA Tour. Mwaka 2000 akachukua US Open kwa mikwaju 15!

Mimi nilisomea biashara, na huko tunapima matokeo. Lakini Mungu anaangalia hata yaliyo nyuma ya matokeo. Unaweza kunena kwa lugha Jumapili, na Jumatatu ulimi huohuo unaumiza watu wa nyumbani kwako. Nguvu iko, kiasi hakuna. Wagalatia 5 inataja kiasi kuwa tunda la Roho, na tunda hukua polepole.

Mchezaji gofu hupunguza kasi, anarudia nusu mzunguko mara nyingi mpaka mwili uzoee. Nawe wiki hii, ukikasirishwa, nyamaza kwanza, omba moyoni, kisha jibu kwa sauti ya chini. Kesho rudia. Roho Mtakatifu atakusaidia. Amina.