Usimwache Njiani



Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilipita Tabora ikielekea Bagamoyo na Ujiji. Pagazi aliyeshikwa na ndui mara nyingi aliachwa kando ya njia, msafara ukaendelea. Twawalaumu wakuu wa misafara ile. Lakini je, sisi hatufanyi vivyo hivyo?

Yuko kijana aliyetekwa na heroini; yuko mama ambaye akili yake imeugua. Hao wamo katika hatari ya kujiua kuliko watu wengine, nasi twasema, "Hana imani," tukapita. Kurani Tukufu (4:29) yakataza mtu kujiua, na papo hapo yataja rehema ya Mwenyezi Mungu. Basi ashikaye katazo na kuiacha rehema ameshika nusu ya aya. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa.

Dawa ipo. Tangu 2011 watumiaji wa heroini wanatibiwa kwa methadoni Muhimbili, na Mirembe, Dodoma, hutibu maradhi ya akili. Nawe mwulize mgonjwa waziwazi kama anafikiri kujiua: swali hilo halimpandikizii wazo, bali humfungulia kifua. Ondoa sumu na vidonge nyumbani. Usimwache peke yake mpaka umfikishe hospitali. Kisha umwombee, kwani dua haikatazi kumshika mgonjwa mkono.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.