Juu ya Kuwaita Watu kwa Majina ya Kuwatweza

 

Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi, katika darasa yetu hapa Eldoret tuliulizwa suala ambalo jibu lake lawahusu nyinyi zaidi kuliko sisi. Je, kijana Mwislamu wa kabila la wawindaji, asiye na shamba wala ukoo unaojulikana mjini, ni kufu ya binti wa watu wa mji? Kabla ya kujibu yatupasa tutazame dharau hii imetoka wapi.

Karibu na mji wetu, katika milima ya Cherangany, uko msitu wa Embobut, na humo wako Wasengwer, watu wa mizinga ya nyuki na uwindaji. Majirani zao wenye mifugo waliwaita Wadorobo, neno lililotoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mafukara wasio na ng'ombe. Mwingereza alilipokea neno hilo kama alivyolikuta, akaliandika katika madaftari yake. Na Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ikapendekeza watu hao wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa. Tazameni basi: kwanza jina, kisha ardhi. Mtu akishaitwa fukara, nani atakayeona kwamba anacho cha kunyang'anywa? Mwaka 2013 mahakama ya hapa Eldoret ilitoa amri wasifukuzwe. Januari 2014 askari wa misitu wakachoma nyumba zao na amri ingalipo. Mwaka 2020 kesi yao ikatupwa. Waogiek wa Mau walipata ushindi zaidi, kwani tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu kwamba Serikali ya Kenya imewadhulumu, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Hata hivyo mwishoni mwa 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Ulaya wako Waroma, ambao wazee wao walitoka Bara Hindi yapata miaka elfu moja iliyopita. Waingereza waliwadhania ni watu wa Misri, wakawabandika jina la kosa hilo. Katika nchi ambayo leo ni Romania walimilikiwa kama watumwa mpaka katikati ya karne ya 19, na katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Hitler iliwaua kwa malaki. Mwaka 1971 wajumbe wao walikutana London, wakakata shauri waitwe kwa jina lao wenyewe. Huenda mtu akacheka kwamba wasio na makao wanashughulikia jina. Sisi hatucheki.

Sasa turudi pwani. Nani aliyewafuata ndovu katika nyika ya Tsavo kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu? Ni Waata, ambao twawaita Wasanye. Pembe walizozitoa zilishuka bandarini, zikapakiwa majahazini, na fedha zake zimo katika kuta za majumba ya mawe tunayojifakhirisha nayo. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, mwenye upinde akawa mwizi, na katika miaka ya 1950 wengi wakafungwa. Ukoo wa mnunuzi wa pembe hatujasikia ukitwezwa!

Na wale wa Lamu tunaowaita Waboni, wao hujiita Aweer. Wengi wao ni Waislamu, waelekea kibla kimoja nasi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, na ilipoanza operesheni ya askari mwaka 2015 wakazuiliwa hata kuingia msituni kutafuta asali. Katika dhiki hiyo, sisi tumewaongezea nini ila jina?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat amekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Naye Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtia mtu aibu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia waziwazi kwamba ujahili ungalimo ndani yake. Ikiwa Abu Dharr aliambiwa hivyo, sisi tutaambiwaje?

Ama kufu, hatuikanushi. Imo katika madhehebu yetu ya Shafii, na nasaba na kazi zimetajwa ndani yake. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja kazi za chini: mfagiaji, mpiga chuku, mlinzi, mchungaji, mtunza hamamu. Mwindaji hakumtaja, na uwindaji ni halali kwa nassi ya Qurani. Imamu Malik naye aliitazama dini kabla ya nasaba. Tena kufu ni haki ya binti na walii wake, nao waweza kuiacha. Wakiridhia wote, ndoa ni sahihi. Walii asiye na hoja ila jina la Mboni, huku binti ameridhia na kijana ni mcha Mungu, huyo amezuia pasipo haki, na binti aweza kulipeleka shauri lake kwa Kadhi.