Ni Nani Aliye Mbali?

Watu wa Ufipa waliohamia Dar es Salaam husema kwamba nyumbani ni mbali, nao wazee waliobaki Sumbawanga husema kwamba pwani ni mbali. Neno ni moja, lakini je, umbali ni mmoja? Inatupasa kulipima jambo hili, kwa maana wengi huufanya umbali kuwa udhuru.

Mstari ulionyoka toka Sumbawanga hata Dar es Salaam, ukikatiza juu ya bonde la Rukwa, una kilometa zipatazo 850. Eropleni yenye mwendo wa kilometa 500 kwa saa huumaliza kabla ya saa mbili kutimia. Ila motokaa hairuki bonde: sharti ishike njia ya kusini hata Tunduma, ipite Mbeya, ndipo ielekee pwani, nazo ni kilometa zipatazo 1,150, mchana na usiku barabarani. Msafiri wa zamani aliyekwenda kwa miguu kilometa 20 kila siku alihitaji karibu miezi miwili, kama hakuugua na mito haikufurika. Nchi haikusogea hata shibiri moja. Lakini njia imekuwa fupi kwa huyu, na kwa yule imebaki ndefu. Bibi ambaye mali yake ni magunia mawili ya mahindi yuko mbali na pwani kama walivyokuwa babu zake.

Tena umbali wa kweli haukuwazuia watu wote. Mwaka 1873 David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake, wakapita Ufipa, wakafika Unyanyembe. Huko Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi ipatayo tisa. Kama wangalimzika njiani, nani angaliwalaumu?

Basi hatuoni kwamba wajibu hupungua kadiri kilometa zinavyozidi. Wala hatuoni kwamba huwaelemea wote sawasawa. Kijana humwandikia mama yake, “Njoo utuone, wajukuu wanakuuliza.” Ni maneno mema, lakini mwenye mshahara na likizo ni yeye, si mama. Angeweza kuruka mpaka kiwanja cha Songwe karibu na Mbeya, kilichofunguliwa mwaka 2012, na sehemu iliyosalia ni safari ya mchana mmoja tu. Badala yake amemwachia mama njia yote, naye ndiye mwenye magoti mabovu.

Yuko atakayejibu kwamba mshahara wa mjini hautoshi hata kodi ya chumba. Huyo naye yu mbali kweli, wala hatumlaumu. Tunamsemea yule ambaye mwaka jana alikwenda Arusha mara mbili kwa eropleni, kuhudhuria harusi za jamaa za wakubwa wake, kisha akaandika Sumbawanga kwamba safari ni ndefu.