Ahadi na Uwongo Katika Biashara Mpya

Miongoni mwa mambo mema ya zama zetu ni kuwa vijana wengi, wanaume kwa wanawake, hawataki tena kukaa wakingojea kuajiriwa, bali wataka kubuni kitu chao wenyewe na kukitia sokoni. Huyu abuni njia ya kuuza samaki kwa simu, yule atengeneza chombo cha kusafishia maji, mwengine atunga hesabu ya kuwatunzia wenye maduka madeni yao. Jambo hili lastahiki kusifiwa, kwani mji usiobuni kitu hubaki kuwa mnunuzi wa vitu vya wengine. Lakini mlango huu una kizingiti ambacho wengi hujikwaa bila ya kukiona, na hicho ndicho tutakacho kukieleza leo.

Watu wakitaja mashaka ya mwenye kuanzisha biashara mpya, kwanza hutaja mtaji. Kisha hutaja vibali, kodi, ushindani na uchache wa watu wa kazi. Yote hayo ni kweli, lakini hayo ni mashaka ya mkono. Liko shaka jengine, nalo ni la moyo. Mwenye kubuni kitu kipya hulazimika kuomba mali ya watu, na kuomba waamini neno lake, kabla ya kitu chenyewe hakijawa. Akisema, "Bado hakijakwisha," watu humkimbia. Akisema, "Kimekwisha," amesema uwongo. Basi aseme nini?

Swali hili si jepesi, wala hatusemi kuwa kila atakaye mali kabla ya kazi kwisha ni mwongo. Fundi wa jahazi hupokea arubuni ilhali mbao bado ni miti, na hapana amwitaye mwongo. Wanavyuoni wa fiq-hi nao walilitazama jambo hili tangu zamani. Asili ni kuwa mtu hauzi asichokuwa nacho. Lakini waliruhusu mauzo ya salam, ambayo thamani hulipwa leo na bidhaa huletwa baadaye, kwa sharti sifa za bidhaa, kipimo chake na muda wake vijulikane. Na wakakataza mauzo ya gharar, ambayo mnunuzi huingizwa kizani asijue alipiacho mali yake kitakuwaje. Ukizingatia utaona kuwa shabaha kubwa ya sharti hizi ni ujuzi wa mwenye kutoa mali. Akijua anachokiingia, khatari ameichukua kwa khiyari yake. Akifichwa, khatari ametwikwa.

Kwa hivyo yatupasa tutenge baina ya maneno mawili ambayo sokoni huchanganywa, nayo ni ahadi na khabari. Ahadi ni neno juu ya kesho: "Tutatengeneza." Khabari ni neno juu ya leo: "Tumetengeneza." Mwenye kuahidi akashindwa, baada ya kujitahidi na kueleza khatari iliyopo, aweza kupewa udhuru. Lakini mwenye kuichukua ahadi akaivisha nguo za khabari, huyo hana udhuru, hata akiwa moyoni mwake anaamini kwa dhati kuwa kesho yake itafika. Hapa ndipo wengi hughurika. Wadhani kuwa kwa sababu nia yao ni njema na tumaini lao ni la kweli, basi na neno lao ni kweli.

Tuwatolee mfano uliojulikana duniani kote. Mwaka wa 2003 binti mmoja wa Marekani, Elizabeth Holmes, alikuwa na umri wa miaka 19 alipoanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Theranos, akaacha masomo yake ya chuo kikuu. Kusudi lake lilikuwa zuri: mgonjwa asichomwe sindano na kutolewa vichupa vya damu, bali matone machache ya ncha ya kidole yatoshe kupimia maradhi mengi. Watu wakubwa waliingia katika baraza la kampuni hiyo, na kati yao ni George Shultz na Henry Kissinger, waliopata kuwa mawaziri wa mambo ya nje. Mwaka wa 2013 ikaanza kupima watu katika maduka ya dawa ya Walgreens. Mwaka wa 2014 ikakadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9.

Lakini mashine yake haikuweza ila vipimo vichache. Vingi vilifanywa kwa mashine za kawaida za makampuni mengine, na watu hawakuambiwa. Mwezi wa Oktoba 2015 gazeti la Wall Street Journal likayafichua mambo hayo. Mwaka wa 2016 kampuni yenyewe ikayabatilisha majibu yote ya miaka miwili yaliyotoka katika mashine yake. Mwaka wa 2018 idara ya serikali inayosimamia soko la hisa ikaeleza kuwa zaidi ya dola milioni 700 zilikusanywa kwa khadaa, na kuwa wenye mali waliambiwa ya kwamba mashine hiyo yatumiwa na jeshi la Marekani huko Afghanistan, na hayakuwa. Kampuni ikavunjwa mwaka huo huo. Mwezi wa Januari 2022 baraza la mahakama lilimtia hatiani Holmes kwa kuwadanganya waliotia mali zao, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Sasa tujiulize: dhambi iliingia wapi? Haikuingia katika kutamani jambo kubwa, wala katika mashine kushindwa, kwani vitu vipya vingi hushindwa na hapana lawama. Iliingia siku ile majaribio yaliposema "bado" na ulimi ukasema "tayari". Na tazama ilivyo zito: aliyetia mali alipoteza mali, lakini mtu wa kawaida aliyetoa kidole chake alirudi nyumbani na karatasi aliyoiamini juu ya mwili wake mwenyewe. Huyo hakuwa mshirika katika biashara, wala hakuwa na fungu katika faida. Alitwikwa khatari asiyoijua.

Baada ya mfano huo wa mbali tuutazame mwengine wa nchi yetu, ambao kila msomaji anao mfukoni, nao ni M-Pesa. Huduma hii haikuanza kwa kusudi tulijualo leo. Mwezi wa Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, ili watu waliokopa katika shirika la mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Waliojaribiwa hawakufika hata 500. Katika majaribio yale wenye kazi waliona mambo wasiyoyapanga. Watu walikuwa wakitumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Na wengine, wakiogopa kubeba fedha njiani, waliziweka kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Na ule mpango wa mikopo wenyewe ukaonekana mgumu kuulinganisha na hesabu za shirika. Wenye kazi hawakushikilia mpango wao wa kwanza wala hawakuyafunika waliyoyaona. Waliufuata ukweli, na mwezi wa Machi 2007 huduma ikatolewa kwa watu wote kwa neno jepesi: kupeleka fedha nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha walioandikishwa walipita milioni moja.

Hatusemi kuwa waliofanya kazi ile walikuwa watu wasio na kasoro. Na twajua kuwa nyuma yao palikuwa na makampuni makubwa yenye mtaji ambao kijana wa Mombasa au Lamu hana. Lakini tofauti iliyo baina ya mifano hii miwili haikununuliwa kwa mtaji, kwani mali ya Theranos ilikuwa nyingi mno. Tofauti ni kuwa mmoja aliyafanya majaribio kuwa mwalimu wake, na mwengine aliyafanya kuwa siri yake.

Huenda mtu akasema: "Nikisema kweli na mwenzangu akasema uwongo, yeye atapata mali na mimi nitafunga duka." Neno hili lina uzito, wala hatutalijibu kwa maneno matamu. Ni kweli kuwa mkweli huweza kukosa mtaji ambao mwongo aupata. Mwenye kukuambia kuwa ukweli siku zote huleta faida, huyo naye akupa ahadi katika nguo za khabari. Ukweli una gharama, na pengine gharama yake ni biashara yenyewe. Lakini biashara iliyofungwa kwa kukosa mali humwacha mwenyewe akiwa bado mtu anayeweza kuanza tena, na wale waliomwamini bado wamwamini. Iliyosimama juu ya uwongo humdai uwongo mwengine kila mwezi ili isianguke.

Na liko neno la kuambiwa sisi tusioanzisha kitu, tunaoketi barazani na kuhukumu. Kijana akitujia akasema, "Nimelijaribu hili, nusu lafaa na nusu halifai, na sijui bado kwa nini," sisi humwona hajui kazi. Akija mwengine aliyenyoosha kanzu na kusema kila kitu ki tayari, twamfungulia makasha. Kisha mali ikipotea twapiga kelele kuwa vijana wa siku hizi hawana amana. Je, si sisi tuliowafundisha kuwa neno "bado" halina bei? Anayeulipa uwongo na kuunyima ukweli ana fungu lake katika dhulma, hata kama yeye ndiye aliyedhulumiwa mwishowe.

Basi wewe unayeanzisha jambo, lijaribu kwanza kwa watu wachache ambao khasara yao waweza kuilipa, na wajue kuwa wajaribiwa. Unapoomba mali, andika katika khati moja kilichopo, na katika nyengine unachokitumaini, wala usiyachanganye. Nawe unayeombwa, uliza khati zote mbili, na ukimpata mtu anayekuonyesha kasoro za kitu chake kabla hujaziona, usimwondokee upesi. Pengine huyo ndiye uliyekuwa ukimtafuta.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndio tawfiki.