Sabato Tatu za Thesalonike

Soma Matendo 17:1–10, 1 Wathesalonike 1:8, 2:9, 3:1–6.

Luka anataja Sabato tatu tu ambazo Paulo alihojiana na watu katika sinagogi la Thesalonike, kisha fujo ikatokea na ndugu wakamsafirisha usiku. Korintho alikaa mwaka na nusu, Efeso miaka mitatu. Basi ufupi wa ziara si dhambi.

Wengi wetu mkoani Morogoro tumewaona vijana kutoka ng'ambo wakija kwa siku kumi au wiki mbili kujenga kanisa. Nakumbuka kundi moja dogo la waumini kwenye miteremko ya Uluguru. Wageni walibeba matofali, wakapaka rangi, na siku ya kuagana wakalia. Siyatilii shaka machozi yale. Lakini vijana wetu walifanya nini? Waliimba wimbo wa kukaribisha, wakapigwa picha, wakakaa kivulini kutazama. Wawili kati yao walikuwa mafundi uashi, wala hakuna aliyewauliza neno. Masika yaliyofuata upepo uling'oa mabati mawili. Mabati mawili tu! Kijana mmoja akaniambia kwa utulivu kabisa, “Tunawasubiri wageni, mzee.”

Mtu atasema: wale wageni walirudi kwao imani yao ikiwa na moto, na huenda mmoja wao atatoa maisha yake yote kwa huduma. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo, je, ni haki umaskini wa jirani yangu uwe darasa la kukuzia imani yangu, naye asiulizwe? Tusiwanyoshee kidole Wazungu peke yao. Vijana wetu wa mjini nao hupanda Mgeta au Kinole wakiwa na fulana za sare, wakahubiri juma moja, wakashuka.

Milima hii inajua habari ya msaada usiouliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuchimba kulileta juu udongo usiozaa. Wakulima walilijua hilo. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa.

Upareni, kazi yetu ilikoanzia mwaka 1903, Ernst Kotz alijifunza Chasu hata akaandika sarufi yake, iliyochapwa mwaka 1909. Mtu hawezi kuandika sarufi ya lugha bila kukaa kwanza kama mwanafunzi mbele ya wenye lugha. Hilo haliwezekani kwa siku kumi, lakini kuuliza “Nani hapa ni fundi?” huchukua dakika moja.

Turudi Thesalonike. Paulo alifanya kazi kwa mikono yake asiwalemee. Alipoondoka hakutulia, alimtuma Timotheo awatazame, kisha akaandika. Na wale waliohubiriwa muda mfupi wakawa wenyewe wapeleka habari hadi Makedonia na Akaya.

Jadilini: Wageni wanapoondoka kanisani kwenu, vijana wenu wanajua kufanya nini ambacho hawakukijua kabla hawajaja? Na ninyi mlipotembelea kundi jingine mara ya mwisho, ni nani kati yenu aliyerudi kulitazama?